AMANA YA MASIKIO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, akatujaalia masikio na macho na nyoyo ili tupate kumshukuru. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kuwaeleza jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea, tena tulilikosea mbele ya wanafunzi wetu. Na kwa kuwa tulilikosea hadharani, twaona yatupasa na kulisema hadharani.

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi yuko kijana wa miaka 22, hodari, mwenye haya, aliyekwisha kuhifadhi juzuu 19 za Qur'ani. Mwezi wa Mfungo Tano, mwaka 1446 (ndio Agosti 2024), alianza kututia mashakani. Sura alizozihifadhi utotoni alizisoma sawasawa, kila herufi na haki yake. Lakini aya mpya, zile ambazo mwanafunzi huzipokea kwa masikio, mwalimu akasoma naye akafuatisha, akawa azivuruga. Mwalimu akitamka *tha*, yeye hurudisha *sini*. Akitamkiwa *sadi*, huwa hana hakika. Na wenye kujua Kiarabu hawana haja ya kuelezwa ubaya wa jambo hili: *ismu* ni jina, na *ithmu* ni dhambi.

Tulimsahihisha mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Kisha tukamkaripia. Tukasema amekuwa mzembe, ameshughulishwa na dunia, na ili tumtie adabu tukamwondoa mbele tukamweka safu ya nyuma pamoja na watoto. Naye hakujibu neno. Alikaa huko nyuma miezi miwili, na kusoma kwake kukazidi kuharibika. Twaomba msamaha kwa Mola wetu, na kijana mwenyewe tumekwisha kumwomba.

Aliyetuzindua si mwanachuoni. Ni mama mmoja muuguzi, jirani ya msikiti, ambaye mwanawe husoma kwetu. Alisikia kisa hiki akauliza swali moja tu: "Je, huyo kijana mmempima masikio?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja katika sisi aliyelifikiri hilo. Alipopelekwa kwa daktari wa masikio akawekwa katika chumba kilichonyamaza, akasikizishwa sauti nene na sauti nyembamba, moja baada ya moja, ikadhihirika ya kuwa sauti nene azisikia kama mtu mwingine yeyote, na zile nyembamba, masikio yake yote mawili yamekwisha kupungukiwa. Daktari alisema kuwa sura ya upungufu ule ni ile iletwayo na makelele, akamwuliza afanya kazi gani. Akajibu kuwa auza duka la nguo. Akamwuliza, basi hayo makelele ayapata wapi? Kijana akatoa mfukoni vile vipokea sauti vidogo vya kutia masikioni, ambavyo vijana wetu waviita iafoni. Huvitia asubuhi garini, huwa navyo dukani mchana, na usiku hulala navyo.

"Wasikiza nini?" daktari alimwuliza.

Akasema, "Qur'ani. Sheikh ndiye aliyeniambia."

Na kweli tulimwambia. Tulimwambia aisikize sana ile Qur'ani nzima aliyoisajili Sheikh Mahmud Khalil al-Husary huko Misri mwaka 1961, kwa kuwa hatujui msomaji aliye bora kwa mtu atakaye kujifunza matamko ya herufi. Hatukumwambia aisikize kwa kadiri gani. Naye, garini, kwa ngurumo la injini na muziki wa dereva na honi za njiani, alikuwa hapati herufi ila akifungua sauti hata mwisho. Na akifika dukani huiacha pale pale ilipo, kwa kuwa masikio yamekwisha kuizoea.

Twajua ya kuwa wako wasomaji wetu waliokuwa wakingoja tuingie katika khabari ya nyimbo na ngoma. Hilo tumelisema mara nyingi katika kurasa hizi, na msimamo wetu wajulikana. Leo si maudhui yetu. Sikio, kwa maumbile yake, halipambanui kati ya wimbo na mawaidha. Lapigwa na nguvu ya sauti tu, na nguvu ikizidi, laharibika, hata kama kinachosomwa ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Mtu anaweza kuzama katika maji ya Zamzam kama azamavyo katika maji ya bahari.

Sasa tutazame namna sikio lifanyavyo kazi, maana kuyajua haya ni katika kumjua Muumba.

Sauti huingia tunduni ikapiga ngozi nyembamba, mfano wa ngozi ya ngoma. Nyuma yake mna mifupa mitatu, iliyo midogo kuliko mifupa yote ya mwili, ambayo hupokezana mtikisiko ule hata ukafika katika kitu mfano wa ganda la konokono, kilichojaa maji. Ndani ya ganda hilo zimepangwa chembe zenye vinywele, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Maji yakitikisika, vinywele huinama, na kule kuinama kwao ndiko kunakopeleka khabari kwenye ubongo. Basi adhana, na sauti ya mama, na kishindo cha wimbi, vyote hivyo vyatufikia kwa kuinama kwa vinywele ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Mwenye kuzamia pwani zetu ameyaona majani ya baharini. Wimbi likija yalala, likirudi yasimama, na hivyo ndivyo yalivyoumbwa. Lakini nanga ikiburutwa juu yake, hung'oka, na pale mahali hubaki mchanga mtupu. Sauti ya kiasi ni wimbi, na sauti iliyopita kiasi ni nanga. Tena tofauti ni kuwa majani ya baharini huenda yakaota tena, na chembe hizi kwa mwanadamu haziki kabisa. Aliyezaliwa nazo 15,000 hatapata badala ya hata moja. Ajabu ni kuwa ndege hupewa nyingine. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walieleza kuwa kuku aliyeharibiwa chembe za sikio kwa makelele, chembe hizo humwotea upya. Kuku wa uani kwako akiharibikiwa na sikio hulirudishiwa, na wewe hurudishiwi! Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye hekima yake. Lililo juu yetu ni kujua kuwa sisi tulichopewa tumepewa mara moja.

Na chembe zifazo mwanzo ni zile zilizo karibu na mlango wa ganda, nazo ndizo zisikiazo sauti nyembamba. Hapa ndipo ilipofichika khatari. Mtu huyu asikia mlango ukigongwa, asikia gari, asikia mtu akisema. Kwa hivyo hadhani hata mara moja kuwa ana upungufu. Kinachompotea ni ncha ya maneno: *sini* na *tha*, *fa* na *shini*. Aambiwa "thamani", apata "samani". Aambiwa "fika", apata "shika". Akiwa na mtu mmoja chumbani huelewa kwa kuunga unga, lakini baraza ikijaa watu hupotea, akaanza kucheka wakichekapo wenziwe na kunyamaza wakinyamazapo. Husema, "Nasikia, ila sielewi." Nasi twamwita mzembe, tukamweka safu ya nyuma.

Maarifa haya si ya jana. Mwaka 1886 daktari wa mji wa Glasgow, jina lake Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 wa kuunda boila za chuma, watu washindao siku nzima wakipigiwa nyundo, asione hata mmoja aliyesalimika masikio yake. Lakini yule fundi ilikuwa ni riziki yake, tena jioni hutoka kiwandani akapumzika. Mwaka 1979 Wajapani wa Sony walipoleta chombo chao cha Walkman, kijana aliweza kutembea na muziki wake masikioni. Hata hivyo ule mkanda ulikuwa na mwisho, na betri zilikuwa na mwisho, na pesa za kununua betri zilikuwa na mwisho zaidi. Simu ya leo haina mwisho. Kiwanda kimetoka kikaja kitandani, na mwenye kulala amejitia nyundo sikioni kwa mkono wake.

Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Lakini desibeli hazihesabiwi kama ratili za sukari, kwamba moja na moja ni mbili. Kila zinapozidi desibeli 3, ile nguvu ipigayo sikio huwa maradufu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, walitangaza kadiri ya kuhadhari nayo: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa muda wa saa 40 katika juma, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Basi na tuhesabu. Zikiwa 83, saa 40 zarudi kuwa 20. Zikiwa 86, ni 10. Zikiwa 89, ni 5. Endelea hivyo hata ufike 101, utaona kuwa haki yako haifiki dakika 20 katika juma zima. Na simu nyingi zikifunguliwa hata mwisho zaweza kufika hapo au kupita. Kijana wetu alikuwa akimaliza fungu la juma lake Jumamosi asubuhi kabla gari halijafika stesheni. Shirika hilo lasema kuwa vijana zaidi ya milioni elfu moja duniani, wa umri wa miaka 12 hata 35, wamo katika khatari hii kwa mazoea yao ya kusikiza.

Ama hukumu ya sharia, mwenye kutafuta hatakosa njia. Qur'ani katika Sura Bani Israil, aya ya 36, imetufahamisha kuwa sikio na jicho na moyo, vyote hivyo mtu ataulizwa. Watu wengi huifahamu aya hii kwa upande mmoja tu, kwamba tutaulizwa tulisikiza nini. Nasi twasema, na kuharibu chombo chenyewe je? Mtu aliyewekewa amana ya dau, aulizwa alilipakia nini, asiulizwe kwa nini amelivunja?

Tazameni wanazuoni wetu walivyokitukuza kiungo hiki. Katika *Minhaj* ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wazee wetu wa pwani wamekisoma na kukisomesha kizazi baada ya kizazi, mtu akimjeruhi mwenziwe hata akampotezea kusikia kwake, yampasa dia kamili, ngamia 100, sawa na dia ya roho. Na la sikio moja, nusu yake. Na kwa kuwa kusikia hakuonekani kama mkono uonekanavyo, wameweka na namna ya kumjaribu mwenye kudai: apigiwe ukelele akiwa usingizini, au ameghafilika, akishtuka, basi mwongo. Ngamia 100, ndugu zetu! Na yule ajiharibiaye mwenyewe kwa kidole chake mwenyewe juu ya simu yake mwenyewe, amdai nani?

Tena vitabu vyetu vya Shafii vimesema kuwa kula udongo ni haramu kwa yule umdhuruo. Udongo si najisi wala si mali ya mtu. Ni madhara tu yaliyouharamisha. Kwa kipimo hicho twaona kuwa kusikiza kwa vyombo hivi kwa kiasi ni mubaha, na kusikiza khayri ni khayri, na kuzidisha sauti hata kadiri ijulikanayo kuwa yadhuru, kwa mtu aliyekwisha kujua, hakujuzu, kiwe akisikizacho ni kitu gani. Haya ndiyo tuyaonayo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Wala tusifahamike vibaya. Aliyezaliwa hali hasikii, au aliyepatwa na maradhi, hana lawama juu yake wala upungufu mbele ya Mola wake, na huenda akawa bora kuliko sisi. Aliye na deni ni yule aliyepewa.

Na dini hii, zaidi ya dini nyingi, imeingia duniani kwa mlango wa masikio. Qur'ani ilisikiwa kabla haijaandikwa. Ibn Ummi Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa kipofu, na alikuwa mwadhini wa Mtume. Na hatuna haja ya kutaja wingi wa vipofu waliohifadhi Qur'ani yote katika miji ya Waislamu, kwa kuwa sikio liliwatosha. Na katika madhehebu yetu khutba ya Ijumaa yataka watu 40 waisikie. Twafikiri, vijana hawa wajazao misikiti yetu leo, na Mungu awazidishe, watakapofika umri wa miaka 50, je, imamu atawapata 40?

Lakini si haki kuwalaumu vijana peke yao, hali sisi wazee ndio tuliowafundisha kuwa sauti kubwa ndiyo heshima. Harusi zetu mtaani, spika zasimama barabarani kama makabati, na watoto wadogo wamekaa chini yake hata usiku wa manane. Na bibi harusi mwenyewe hasikii aambiwalo. Matatu yapita, madirisha yatikisika. Serikali imeweka kanuni za kuzuia makelele tangu mwaka 2009, na kanuni hizo twazivunja mchana na usiku tukizijua. Na sisi wenye darsa na maulidi na mihadhara? Tuna spika ndani ya chumba kidogo cha watu 30, ambapo mtu akikohoa wote wamsikia. Twaomba watu wasujudu kwa unyenyekevu chini ya chombo kinachowatia mlio masikioni. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura hiyo hiyo ya Bani Israil kuwa katika sala tusinyanyue sauti mno wala tusiifiche mno, tushike njia ya baina ya hayo. Na hapo hapakuwa na umeme wala spika.

Khabari ya huo mlio ni lazima tuitaje. Baada ya harusi au baada ya kuvua iafoni, mtu husikia sikio likilia kama nyenje, akacheka akasema, "Leo nasengenywa." Kijana wetu alikuwa akisema hivyo karibu kila usiku. Ule mlio ndio sikio lenyewe lalalamika. Likinyamaza kesho yake mtu husema limepona, nalo huenda limekwisha kutoa sadaka chembe zisizorudi. Na kwa wengine hufika siku lisinyamaze tena.

Dawa ya kuzirudisha chembe zilizokufa haiko. Viko vyombo vya kusaidia kusikia, navyo vyakuza sauti, lakini havirudishi ule ukali wa kupambanua alionao mtu mzima wa masikio. Kwa hivyo kazi yote iko kabla. Sauti ya simu isipite sehemu 60 katika 100. Na simu nyingi zina mahali pa kuweka mpaka, mzazi akauweka, mtoto asiweze kuuvuka. Palipo na makelele ya njiani usishindane nayo kwa kuzidisha. Ama utumie vile vyombo vifunikavyo sikio vikazuia makelele ya nje, sauti ndogo ikakutosha, ama uvue usubiri ufike. Mtu aliye karibu nawe, hatua moja, akisema nawe kwa sauti ya kawaida usimsikie, umekwisha kuzidi. Ukitaka kulala na Qur'ani, weka redio ndogo rafuni, iwe mbali na kichwa. Na mzazi ambaye mwanawe ameanza kusema "Eti?" na "Nini?", au aongeza sauti ya televisheni kila siku, asimpige wala asimwite kiziwi wa kujitakia. Ampeleke akapimwe.

Sisi katika msikiti wetu tumekaa na wenzetu wa kamati. Spika mbili za ndani zimeondolewa, iliyobaki imepunguzwa, na mzee mmoja aliyekuwa akisali nje barazani siku zote, tukidhani apenda upepo, amerudi ndani. Darsa ya watoto haisomi tena kwa kipaza sauti.

Na yule kijana amerudi safu ya mbele. Hakai ubavuni petu kama wanafunzi wengine. Akaa akitukabili uso kwa uso, taa ikiwa nyuma yake, ili atuone mdomoni. Maana *tha* ulimi watokeza baina ya meno, na *sini* hautokezi, na jambo hilo jicho lalipata hata sikio likilikosa. Kwa njia hii ameingia juzuu ya 21. Hufika mahali penye neno *ithmu* akasita, akainua macho akatutazama, nasi twalitamka polepole, kisha yeye hulisoma.